Kukuza mukawa nyumbani Nairobi: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Ua wa mbele ya nyumba yangu hapa Utawala sasa unanifika kifuani. Ni mita 14 za mukawa mtupu, na kila shina nililikuza mwenyewe kwa mbegu, kwa kijiti au kwa tawi nililolifukia ardhini. Maua yakifunguka harufu inafika barabarani, na wapita njia husimama getini kuuliza ni mmea gani na unapatikana wapi. Maswali yanafanana, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake, kama ninavyojibu pale getini.

Mukawa ni mmea gani hasa?

Ni kichaka cha kwetu chenye miiba, kisichopukutisha majani, ambacho kikiachiwa hufika mita 2 hata 5. Majani yake ni magumu, yanang'aa, na hukaa mawili mawili yakitazamana. Maua huja kwa vishada, kwa nje yana rangi ya waridi na kwa ndani ni meupe, na harufu yake ni jamaa ya asumini. Matunda ni madogo, kama sentimita 1 hivi. Huanza kijani, yakawa mekundu, kisha yakaiva zambarau iliyokaribia weusi. Ukivunja jani au tawi linatoa utomvu mweupe kama maziwa.

Mukawa ni jina la Kikuyu, ndilo linalosikika zaidi hapa mjini. Waluo huuita ochuoga, Wamaasai olamuriaki, na pwani utasikia mtandamboo. Ukitafuta vitabuni, vya zamani vinauandika Carissa edulis na vya siku hizi Carissa spinarum. Wamaasai huchemsha mizizi yake katika supu ya nyama, na watu wengi waliokulia mashambani wanakumbuka kula matunda yake njiani wakitoka shule.

Kwa nini nipande huu wakati maua ya bogonvilia yamejaa vitaluni?

Bogonvilia ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila tazama mitaa yetu: bogonvilia asili yake Amerika Kusini, jakaranda vilevile, kayaba ya uani ilitoka kusini mwa Afrika, na lantana iliyovamia kila uwanja mtupu ilitoka Amerika. Mukawa ulikuwa hapa kabla ya reli. Unaota wenyewe kando ya misitu yetu mikavu, mbugani na kwenye vilima vya Ngong. Unaijua mvua yetu na ukame wetu. Ukishakomaa hauombi maji kila siku, na katika mji wenye mgao wa maji hilo si jambo dogo. Isitoshe, kuna ndege waliozoea matunda yake tangu enzi. Mwaka wa kwanza ua wangu ulipozaa, kuzumburu walifika na mikia yao mirefu wakaning'inia matawini asubuhi nzima, na mimi nilisimama dirishani na kikombe cha chai hadi kikapoa.

Nimeambiwa huu ndio mti wa sumu ya mishale. Ni kweli?

Hapana, lakini swali hili ndilo ninalolijibu kwa uzito kuliko yote, kwa sababu mti wa sumu ya mishale ni ndugu yake wa karibu na unaota papa hapa Nairobi. Ni msunguti, ambao Wakikuyu huuita muricu na Wamaasai olmorijoi. Wote wawili wana majani magumu yanayotazamana. Wote wana utomvu mweupe. Wote wana vishada vya maua meupe yenye waridi, yanayonukia, na matunda yanayoiva kuwa zambarau. Mtu akikuonyesha picha ya ua peke yake, hata mwenye uzoefu anaweza kukosea.

Tofauti iko kwenye miiba. Mukawa una miiba, msunguti hauna. Shika tawi lenye umri kidogo, si chipukizi laini la wiki hii, ufuate kifundo baada ya kifundo mahali majani yanapotokea. Kwenye mukawa utakuta miiba imara iliyonyooka, mingine mirefu kama kidole. Usipokuta mwiba tawi zima, rudi nyuma: usikate kijiti, usichume tunda, na ukiwa umeshika utomvu nawa mikono kabla ya kugusa kitu kingine. Sumu ya msunguti huenda moja kwa moja kwenye moyo. Ndiyo iliyokuwa ikichemshwa kutoka kwenye mbao na mizizi na kupakwa mishale ya wawindaji wa tembo. Kuna hata panya mwenye kishungi wa Afrika Mashariki anayetafuna gome lake na kujipaka manyoya, na mbwa anayemng'ata hupata madhara makubwa.

Ukiwa na shaka iliyobaki, chukua tawi lenye majani, ua na tunda, ulikunje ndani ya gazeti, ulipeleke kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Kazi yao ni kutambua mimea. Usimwachie mtoto au kibarua kazi ya kutafuta mti mama. Nenda mwenyewe.

Nilinunua miche nikaambiwa ni mukawa, lakini miiba yake imegawanyika. Nimeuziwa nini?

Yalinikuta hayo hayo. Miche 10 ya kwanza niliinunua kitaluni kando ya barabara, na ilipokua miiba ikatoka na ncha mbili, kama panda ya manati. Matunda yakawa makubwa mekundu, ya saizi ya plamu ndogo. Ule ni Carissa macrocarpa, binamu kutoka kusini mwa Afrika. Hauna ubaya, na tunda lake likiiva huliwa, ila si ule nilioutaka. Siku hizi sinunui kabla sijaukagua mwiba.

Mbegu, kijiti au kufukia tawi: nianze na ipi?

Anza na kufukia tawi. Najua wengi wanataka vijiti kwa sababu ndivyo walivyozoea kwa maua mengine, lakini mukawa si mmea wa kuchomeka tu ardhini ukaota. Tawi lililofukiwa linaendelea kunyonyeshwa na mama yake mpaka litakapojitegemea, kwa hiyo ni vigumu kulipoteza.

Mbegu zinafaa ukitaka miche mingi ya ua mrefu. Kila mche wa mbegu utatofautiana kidogo na mwenzake, mmoja una majani mapana, mwingine miiba mingi, na kwa ua hilo ni jambo jema: ugonjwa ukija hauwakuti wote wakiwa sawa. Vijiti ni vya pale umependa mukawa mmoja mahususi, labda kwa wingi wa maua au utamu wa tunda, na unataka watoto wanaofanana naye kabisa.

Tawi linafukiwaje?

Mukawa una tabia ya kutambaa na kuinamisha matawi, basi itumie. Mvua za Machi zikishalainisha udongo, chagua tawi la chini lenye unene wa penseli, linaloweza kuinama hadi chini bila kuvunjika. Vaa glavu za ngozi. Za kitambaa mwiba unapita.

Pima mahali tawi litakapogusa ardhi, kama sentimita 30 kutoka kwenye ncha. Ondoa majani na miiba ya sehemu hiyo. Kwa kisu kikali kwangua gome upande wa chini, urefu wa ukucha wa kidole gumba, chini kidogo ya kifundo. Utomvu utatoka. Uache utoke, ufute kwa kitambaa chenye maji mpaka upungue. Chimba mfereji wa kina cha kiganja, weka mboji iliyochanganywa na mchanga, lilaze tawi na lile jeraha likitazama chini, ulibane kwa waya uliokunjwa kama kipini cha nywele, ufukie, na uweke jiwe juu. Jiwe linashikilia tawi na linatunza unyevu chini yake. Ncha ya tawi iachwe nje ikitazama juu, hata kwa kuifunga kwenye kijiti.

Baada ya hapo ni kulowesha pale penye jiwe ardhi ikikauka. Mimi husubiri hadi mvua za vuli, Oktoba, ndipo nainua jiwe na kufukua taratibu kwa kidole. Ukikuta mizizi myeupe, kata upande wa mama, lakini usiuhamishe mche siku hiyo hiyo. Uache palepale wiki 3 ujifunze kujitegemea, halafu uhamishe na bonge lake la udongo.

Na mbegu?

Chuma matunda yaliyoiva kabisa, yale meusi yanayochomoka kwa kuguswa. Yaponde ndani ya chujio chini ya maji mpaka nyama yote iondoke, maana nyama ikibaki huleta ukungu. Mikono itanata kwa utomvu, na sabuni pekee haisaidii. Jipake mafuta ya kupikia kwanza, kisha nawa. Kila tunda lina mbegu chache bapa, 2 hadi 4 kwa kawaida. Zianike kivulini siku 1 au 2 kwenye gazeti, kisha panda. Usiziweke kabatini ukisubiri msimu, mbegu mbichi ndizo zinazoota vizuri.

Mimi hutumia beseni pana lililotobolewa chini, lenye mchanga wa mto na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu. Tandaza, funika kwa udongo mwembamba usiozidi unene wa mbegu mara mbili, mwagilia kwa mkebe wenye matundu madogo, weka kwenye kivuli chepesi. Kwangu huanza kuchomoza kati ya wiki ya 2 na ya 4. Miche ikifikisha majani 4 ya kweli naihamishia kwenye pakiti za maziwa zilizooshwa na kutobolewa. Majirani wananiwekea. Kwa mwezi mmoja mtaa mmoja tu unatoa pakiti zaidi ya ninazohitaji, na zile zingeishia mtaroni.

Kitu kinachoua miche michanga ni shingo kuoza: unaikuta asubuhi imelala, shina limenyongeka usawa wa udongo. Chanzo ni maji mengi na hewa kidogo. Mwagilia asubuhi, si jioni, na usiisonganishe.

Vijiti vyangu vinaoza vyote. Nakosea wapi?

Mara ya kwanza nilichomeka vijiti 40 mwezi wa Julai, na vyote 40 vikaoza. Julai ya Nairobi ni baridi na mawingu, udongo haupati joto, na kijiti kinakaa na kidonda kibichi wiki nyingi bila kutoa mzizi. Tangu hapo navikata Februari mwishoni au Septemba, joto likiwa linapanda na mvua iko njiani.

Umri wa tawi nao una neno. Chipukizi laini linaoza, na tawi la kijivu la miaka halitoi mzizi. Linalofaa ni lile la katikati, limeanza kugeuka kahawia chini lakini ncha bado ni kijani, ukilikunja linakataa kidogo kabla ya kukatika. Kata urefu wa sentimita 12 hivi, chini tu ya kifundo, asubuhi mapema. Vitumbukize mara moja kwenye ndoo ya maji ili utomvu utoke, ukigandia pale kwenye jeraha unaziba njia ya maji. Ondoa majani yote ya nusu ya chini, acha jozi 2 za juu. Chomeka kwenye mchanga wa mto uliooshwa, bila mbolea yoyote, kwa kutoboa shimo kwanza na kijiti kingine. Funika na chupa ya plastiki ya lita 5 iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa wazi. Weka mahali penye mwanga bila jua kali.

Halafu viache. Hapa ndipo subira inapowashinda wengi. Kijiti kinaweza kukaa kijani miezi 2, hata kikatoa jani jipya, na chini hakuna mzizi hata mmoja. Ukikivuta kuangalia, ule uzi mweupe uliokuwa unaanza unakatika. Subiri wiki 10. Kisha kivute kwa vidole viwili, kidogo tu. Kikishikilia, kimetunga mizizi.

Iko mbinu nyingine inayotumika kwa yule binamu wa kusini, nami nimeiona ikisaidia hata kwa mukawa: kata tawi nusu ya unene wake likiwa bado kwenye mti, liache likining'inia kama miezi 2 mpaka jeraha lifanye kovu nene, ndipo ulitenganishe na kulichomeka. Kovu lile ndilo linalotoa mizizi.

Lazima ninunue homoni ya mizizi?

Si lazima kwa kufukia tawi. Kwa vijiti inasaidia, na agroveti nyingi huuza ya unga. Gusisha ncha tu na ukung'ute inayozidi. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja, nunua kisu kizuri kwanza.

Udongo wangu ni ule mweusi wa kunata. Utakubali?

Wangu pia ni huo, Utawala yote ni huo, kama ilivyo Embakasi na kuelekea Kitengela. Mvua ikinyesha unashika maji kama beseni, jua likiwaka unapasuka nyufa zinazokata mizizi. Mukawa mkubwa unauvumilia, mche mdogo haupendi kusimama kwenye maji. Usichimbe shimo ukalijaza udongo mzuri, utakuwa umechimba bwawa. Fanya tuta lililoinuka kama sentimita 25, changanya udongo wa hapo na kokoto ndogo na samadi iliyooza vizuri, upande juu yake. Halafu tandaza majani makavu ili jua lisiupasue. Wa Karen, Kiambu na Kikuyu, wenye udongo mwekundu, chimbeni shimo la kawaida, wekeni debe moja la samadi, basi.

Miche ihamie ardhini lini, na kwa nafasi gani?

Mvua ya kwanza ya maana ya Machi au Oktoba, siku ardhi imeloa hadi kina cha jembe. Mche uwe na urefu wa sentimita 30. Kwa ua acha sentimita 50 kati ya mmoja na mwingine, kwa mapambo peke yake mita 2. Kiangazi cha kwanza upe lita 2 za maji mara 2 kwa wiki. Maji uliyooshea mboga yanatosha. Kiangazi cha pili, mara moja moja tu. Mchwa hupenda mizizi michanga na samadi isiyooza, kwa hiyo samadi iwe imekuwa udongo kabisa kabla hujaitumia.

Utachukua muda gani kutoa maua?

Kwangu miche ya mbegu ilitoa maua ya kwanza mwaka wa 3, ile ya matawi yaliyofukiwa mwaka uliofuata baada ya kuhamishwa. Ua wa kuzuia mbuzi na wezi, hesabu miaka 4. Mwaka wa kwanza utadhani haukui. Unajenga mizizi.

Nipogoe wakati gani?

Maua hutoka kwenye ncha za matawi. Ukiukata ua kila mwezi uwe mraba kama ukuta, unakata maua kabla hayajazaliwa, na hiyo ndiyo sababu nyua nyingi za mukawa mjini hazinukii. Mimi hupogoa mara moja kwa mwaka, matunda yakishaisha, na ncha zinazoingia njiani nazipunguza kwa makasi moja moja. Miche michanga ni tofauti: ikifika gotini kata ncha mara 1 ili itanuke upande wa chini, kwa sababu ua wenye uwazi chini ni ua wa kuku kupita.

Nina balkoni tu, ghorofa ya tatu.

Inawezekana. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa, jua la nusu siku, na kupogoa kidogo zaidi. Ila iweke pembeni ambapo mtoto hatajichoma macho. Miiba yake si ya mchezo, na hata wenye uwanja wasiupande karibu na mlango au mahali watoto wanapokimbizana.

Naweza kwenda kung'oa miche Karura au mbugani?

Hapana. Msitu wa serikali na hifadhi ya wanyama havikatwi wala kung'olewa kitu bila kibali. Isitoshe, mukawa wa porini una mzizi mrefu na ukiung'oa mara nyingi unakufa. Tafuta wenye mashamba ya zamani Ngong, Kiserian au Limuru, uwaombe matunda. Wengi wanauona kama kichaka cha kufyekwa na watafurahi mtu kuuthamini. Ukikuta machipukizi yaliyotoka kwenye mizizi mbali kidogo na shina, omba ruhusa ya kuyachimba na kipande cha mzizi wake. Hayo hushika upesi.

Naweza kuja kuchukua vijiti kwako?

Karibu, kabla ya saa mbili asubuhi, jua halijapanda. Njoo na makasi makali, kitambaa kilicholoa na mfuko wa karatasi. Na glavu.